Kipi Kirekebishwe Kwanza? Uamuzi Mgumu wa Wafanyabiashara wa Kisangani

Biashara yoyote, hata iwe ndogo namna gani, huendeshwa kwa michakato, yaani kazi zinazofuatana tangu malighafi inapopokelewa mpaka mteja anapopata alicholipia. Kinu cha mpunga mjini Kisangani, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kina kazi ya kununua mpunga vijijini, kuukausha, kuukoboa, kuupepeta na kuupima, kuutunza ghalani, kuupeleka bandarini, na mwishowe kudai pesa kwa waliochukua mchele kwa mkopo. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo isiyo na kasoro. Mtaji wa kuzitengeneza zote kwa mpigo haupo, na hata ungekuwapo, mafundi na muda visingetosha. Ndiyo maana uamuzi wa ni ipi itengenezwe kwanza una uzito kuliko matengenezo yenyewe: pesa zikishaingia mahali pasipostahili, haziwezi kutolewa tena zipelekwe penye haja.

Mara nyingi uamuzi huo hupitishwa na aliyelalamika kwa sauti kubwa zaidi, au na tukio la juzi. Magunia yakilowa bandarini wiki hii, wiki ijayo fedha zote zitaelekezwa kwenye maturubali, ingawa hasara kubwa inatokea kimyakimya mahali pengine kila siku. Kishawishi kingine ni mashine mpya. Mashine huonekana, hupigwa picha, humpa mwenye nayo heshima mtaani. Daftari la madeni lililopangwa vizuri halimpi mtu sifa yoyote. Wataalamu wa uendeshaji wa biashara wametunga mbinu kadhaa za kupunguza nguvu ya mambo hayo, na kiini chake ni kimoja: sababu za kuchagua ziandikwe na zipewe uzito mbele ya wote, ili anayepinga aweze kuonyesha ni hatua ipi anayoipinga.

Jiji la Kisangani lenyewe limekaa mahali panapofundisha somo hili vizuri. Mto Kongo unapitika kwa meli kutoka Kinshasa kwa kilometa 1,734, kisha unakatizwa na maporomoko ya Boyoma, ambayo ni saba na yameenea kwenye kipande cha takriban kilometa 100 kati ya Kisangani na Ubundu. Katika zama ambazo Kisangani iliitwa Stanleyville, meli ingeweza kuongezwa kasi, kuongezwa ukubwa, hata kuongezwa idadi, lakini mzigo wa kwenda Kindu, mji ulio juu zaidi ya mto, ungefika palepale kwenye maji meupe, ukashushwa, na kusubiri wapagazi. Kampuni ya Reli ya Maziwa Makuu, iliyoundwa mwaka 1902, haikuanza kwa kuongeza meli. Ilijenga reli ya kilometa 125 pembeni ya maporomoko, na mwaka 1906 treni ikafika Ponthierville, mji ambao leo ni Ubundu. Ujenzi huo uliwatesa wafanyakazi wengi kwa shuruti za utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na ukatili huo haufutwi na ubora wa hesabu. Ila hesabu yenyewe ilikuwa sahihi: safari nzima hufuata mwendo wa sehemu yake inayobana zaidi.

Sehemu nyingine za kubana zilibaki, na bado zipo. Stesheni ya Kisangani iko ng'ambo ya kushoto, katika komini ya Lubunga, ilhali soko kuu, benki na bandari ya meli za Kinshasa viko ng'ambo ya kulia. Gunia lililoshuka kwenye treni hubebwa hadi ufukweni, hupakiwa kwenye mtumbwi au kivuko, huvushwa, hupakuliwa, hupandishwa tena kwenye baiskeli ya toleka, pikipiki au gari. Kila mkono unaolishika unalipwa, na kila mahali linapotuliwa pana uwezekano wa kuchanika, kulowa au kupungua. Anayetazama nauli ya treni pekee hawezi kuiona gharama hiyo.

Ndiyo sababu hatua ya kwanza ya kuchagua mchakato wa kurekebisha ni kulifuata gunia moja kwa miguu tangu linaponunuliwa mpaka linapolipwa. Anayefanya kazi hiyo huandika saa ya kuingia na saa ya kutoka kwenye kila kituo, pamoja na uzito kwenye mzani. Kazi hiyo haihitaji kompyuta. Inahitaji daftari, kalamu, mzani usiodanganya na mtu asiye na sababu ya kuficha. Mara nyingi wenye biashara hushangaa kuona kwamba gunia lilifanyiwa kazi kwa saa chache tu, na siku zote zilizobaki lilikuwa limelala.

Kuna kanuni rahisi inayosaidia kupima kulala huko bila kufuata magunia mengi. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alitoa uthibitisho wa kihesabu kwamba wastani wa vitu vilivyomo katika mfumo ni sawa na idadi inayopita kwa siku ikizidishwa kwa siku ambazo kila kimoja hukaa humo. Ikigeuzwa, kanuni hiyo inafaa sana ghalani. Kama kuna magunia 300 ya mpunga yanayosubiri, na mashine inakoboa magunia 20 kwa siku, basi gunia la kawaida linangoja siku 15. Mwenye kinu anayejua hilo anajua pia kwamba pesa zake zimelala kwa siku 15 kabla hata mchele haujaanza safari ya kwenda Kinshasa.

Hapa ndipo wazo la Eliyahu Goldratt linapoingia. Katika kitabu chake cha mwaka 1984 kiitwacho The Goal, mwanafizikia huyo wa Israeli alieleza kwa njia ya hadithi ya kiwandani kwamba katika mfululizo wa kazi huwa kuna sehemu moja inayobana kuliko zote, na kwamba kuongeza nguvu mahali pengine popote hakuongezi kitu. Tuseme kinu kina mashine moja ya kukoboa, na mara nyingi inakaa kimya kwa kukosa mpunga uliokauka. Mwenye kinu akinunua mashine ya pili, atakuwa na mashine mbili zilizokaa kimya. Jambo hili linaonekana wazi likisemwa, lakini fedha nyingi za wafanyabiashara zimeishia kwenye makosa ya aina hiyo, na inaumiza kwa sababu nyingi zilikuwa fedha za kukopa.

Ukaushaji unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndani yake mna hali ya hewa ya Kisangani yote. Mpunga ulitokea pwani, ukaletwa huku na misafara ya Waungwana, yaani Waswahili wa pwani, katika karne ya 19, enzi za kina Tippu Tip, na sasa unalimwa pande za Ubundu, Opala, Isangi na Bafwasende. Lakini mji uko karibu kabisa na ikweta, na mvua hunyesha karibu kila mwezi. Mpunga uliovunwa sasa hivi huwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 25, na ili ukobolewe vizuri na kutunzwa bila kuoza unatakiwa ushuke hadi asilimia 14 hivi. Ukianikwa juani kwenye turubali, kisha ukalowa na kuanikwa tena, punje hupasuka kwa ndani bila kuonekana. Zikifika kwenye mashine huvunjika na kuwa chenga, na chenga huuzwa kwa bei ya chini. Mwenye kinu huilaumu mashine, na fundi huitwa kurekebisha roli ambazo hazina kosa. Kasoro ilizaliwa uwanjani siku tatu kabla, chini ya wingu.

Baada ya kufuata gunia na kuhesabu, huwa kuna orodha ya kasoro, na orodha hiyo hupunguzwa kabla ya kulinganishwa. Joseph Juran, mtaalamu wa ubora mzaliwa wa Romania aliyefanya kazi Marekani, alisisitiza kwamba sababu chache huleta sehemu kubwa ya hasara, na akaipa kanuni hiyo jina la Mwitaliano Vilfredo Pareto. Inatosha kuhesabu kwa mwezi mmoja ni kilo ngapi zilipotea kwa kila sababu, kisha kuzipanga kuanzia kubwa. Zile za chini kabisa huachwa kwa sasa.

Mchujo wa pili unahusu uwezo. Kina cha mto wakati wa kiangazi, hali ya barabara ya kwenda Bafwasende, na umeme wa kituo cha mto Tshopo wenye mitambo mitatu isiyotosheleza mahitaji ya jiji, ni matatizo makubwa kweli, lakini mwenye kinu hawezi kuyarekebisha. Anachoweza kurekebisha ni namna anavyojipanga nayo: saa za kukoboa, akiba ya dizeli, tarehe ya kukodi nafasi kwenye tishari. Wafanyabiashara wa Kisangani wamezoea, na kwa haki kabisa, kuilaumu serikali na njia mbovu. Mazoea hayo yana hatari yake. Huifanya kasoro iliyo ndani ya uzio ionekane ndogo kwa kuwa iliyo nje ni kubwa.

Yakibaki mambo manne au matano, kazi ya kulinganisha huanza, na ndipo penye ugumu, kwa kuwa hayafanani. Moja linapoteza kilo, lingine linapoteza siku, la tatu linapoteza imani ya wateja. Mtu aliyejitolea maisha yake kwa tatizo hilo ni Thomas Saaty, aliyezaliwa Mosul, Iraki, mwaka 1926 na kufundisha katika vyuo vikuu vya Pennsylvania na Pittsburgh nchini Marekani mpaka kifo chake mwaka 2017. Mbinu yake ya kupanga uamuzi kwa ngazi ilipata mojawapo ya majaribio yake makubwa ya mwanzo barani Afrika: katika miaka ya 1970 ilitumika kupima mpango wa usafiri wa Sudani, ambako reli, barabara, mto, bandari na viwanja vya ndege viligombania fedha zilezile. Juu ya ngazi huwekwa lengo, chini yake vigezo, na chini kabisa mambo yanayoshindania fedha.

Saaty aliona kwamba binadamu hushindwa kutoa uzito wa vitu vingi kwa pamoja, lakini anaweza kulinganisha viwili viwili. Kwa hiyo vigezo huulizwa kwa jozi, na jibu hutolewa kwa kipimo cha 1 hadi 9, ambapo 1 maana yake ni sawa kwa sawa na 9 ni umuhimu uliopita kiasi. Chukuliwe mfano wa kubuni wa kinu kilekile chenye vigezo vitatu: pesa zinazopotea, wepesi wa kurekebisha, na imani ya wateja. Wahusika wanakubaliana kwamba pesa zinazopotea zina uzito mara 2 kuliko wepesi, na mara 4 kuliko imani ya wateja. Wepesi nao una uzito mara 3 kuliko imani. Majibu hayo yakikokotolewa kwa wastani wa kijiometri, pesa zinapata 0.56, wepesi 0.32 na imani ya wateja 0.12.

Majibu hayo hayakulingana kikamilifu. Kama pesa ni mara 2 ya wepesi, na wepesi ni mara 3 ya imani, basi pesa zingepaswa kuwa mara 6 ya imani, lakini wahusika walisema 4. Mbinu ya Saaty hairuki jambo hilo, na huo ni uzuri wake mkubwa. Inapima kiasi cha kujipinga na kuruhusu mpaka 0.10; hapa kipimo ni chini ya 0.02, kwa hiyo majibu yanakubalika. Kipimo kikivuka mpaka, watu hurudi mezani na kuulizana upya, na mara nyingi hugundulika kwamba wawili walikuwa wakizungumzia mambo tofauti kwa jina moja.

Kisha kila mchakato hupewa alama kati ya 1 na 10 kwa kila kigezo. Katika mfano huu, ukaushaji umepata 8 kwa pesa zinazopotea, 7 kwa wepesi na 6 kwa imani ya wateja. Ufuatiliaji wa madeni umepata 6, 8 na 3. Upakiaji bandarini 5, 4 na 9. Ununuzi wa mashine ya kukoboa 6, 3 na 5. Alama zikizidishwa kwa uzito na kujumlishwa, ukaushaji unapata 7.44, madeni 6.28, upakiaji 5.16, na mashine mpya inashika mkia kwa 4.92.

Mtu angeweza kuishia hapo, na wengi huishia hapo. Lakini uzito ni maoni ya watu, na maoni hubadilika akija mtu mwingine. Tuseme mke wa mwenye kinu, ambaye ndiye anayepokea simu za wateja wa Kinshasa, anashikilia kwamba imani ya wateja imedharauliwa na ipewe 0.40. Kilichobaki kikigawanywa kwa uwiano uleule, pesa zitashuka hadi 0.38 na wepesi hadi 0.22. Ukaushaji utabaki wa kwanza kwa 6.98, ila upakiaji bandarini utapanda hadi 6.38 na kuyapita madeni, ambayo yatashuka hadi 5.24. Jaribio hili dogo linafaa kuliko jedwali lote la awali. Linaonyesha kwamba ugomvi juu ya ukaushaji hauna haja, kwa kuwa pande zote mbili zinaufikia. Ugomvi wa kweli uko kwenye nafasi ya pili, na muda wa kikao utumike hapo.

Kujumlisha alama kuna kasoro moja inayopaswa kusemwa bila kuficha. Alama nzuri za upande mmoja hufunika alama mbaya za upande mwingine. Mpango wa kuajiri wapakiaji wa bei rahisi unaweza kushinda kwa hesabu huku ukihatarisha migongo na maisha ya watu kwenye ubao uliolowa kati ya gati na tishari. Mfaransa Bernard Roy alilitambua tatizo hilo katika miaka ya 1960, na mbinu yake iitwayo ELECTRE ikaweka haki ya kukataa: jambo likiwa baya kupita kiasi kwa kigezo kimoja, haliwezi kuokolewa na uzuri wake kwingine. Mwaka 1982 Jean-Pierre Brans, profesa wa Brussels, alitoa PROMETHEE, mbinu ya ukoo huohuo. Biashara ndogo haihitaji kanuni zao zote. Inatosha kuandika mapema mambo yasiyovumilika, na kuondoa mpango wowote unaoyagusa kabla ya kuhesabu alama yoyote.

Mbinu ya Saaty nayo imekosolewa. Mwaka 1983 Valerie Belton na Tony Gear walionyesha kwamba kuongeza kwenye orodha jambo linalofanana na lililokuwapo kunaweza kubadilisha nafasi za mengine, ingawa hayajabadilika hata kidogo. Kwa hiyo si busara kuweka "turubali jipya" na "turubali kubwa zaidi" kama mapendekezo mawili. Kasoro nyingine haitokani na hesabu. Michakato hugusana, na alama huichukulia kana kwamba kila mmoja uko peke yake. Mpunga ukikauka vizuri, chenga hupungua, mashine hupoteza sababu ya kulaumiwa, mchele hupata daraja la juu, na mteja hulipa bila kuvutana, hivyo hata madeni hupungua. Faida hiyo ya kuambukizana haikuonekana kwenye jedwali. Mwenye kujua kazi huiandika pembeni na kuizingatia.

Nani akae mezani ni swali lisilopewa muda wa kutosha. Kikao cha mwenye mali na mtunza hesabu peke yao hutoa jedwali safi lisilo na habari. Mtu anayegeuza mpunga juani kwa reki anajua ni saa ngapi wingu hutokea upande wa mto. Mpakiaji anajua ni tishari lipi huvuja. Mama anayenunua mpunga Lubunga anajua ni magunia yapi huja yamenyunyiziwa maji ili yaongezeke uzito. Watu hao hawazungumzi mbele ya bosi kwa urahisi, na hilo ni kweli katika kila karakana na kila ofisi. Njia iliyosaidia kwingi ni kumwomba kila mmoja atoe alama zake peke yake kwanza, kwa maandishi au kwa kokoto kwenye vikombe vyenye alama, kisha tofauti kubwa zijadiliwe. Alama 9 ya mpakiaji dhidi ya alama 3 ya mtunza hesabu kwa jambo lilelile huwa na habari nyingi kuliko wastani wa 6.

Kinachofuata ni jaribio dogo kabla ya matumizi makubwa. Kwa ukaushaji, hilo linaweza kuwa sakafu moja ya saruji iliyoinuliwa, yenye mteremko wa kutoa maji na kibanda cha kukunja, pamoja na kipima unyevu kimoja cha mkononi. Nusu ya mpunga hukaushwa hapo na nusu kwenye maturubali kama zamani, kwa msimu mmoja, na chenga za pande zote mbili hupimwa kwenye mzani uleule. Tofauti ikiwa ndogo, fedha zilizobaki huhamia kwenye nafasi ya pili bila aibu kwa yeyote.

Ikiwa kubwa, mahali panapobana patahama. Mpunga mkavu utaanza kurundikana mbele ya mashine, na ile mashine ya pili iliyoshika mkia huenda sasa ikastahili kufikiriwa. Kwa sababu hiyo jedwali hufanywa upya baada ya kila msimu wa mavuno, na yale ya zamani hutunzwa pamoja na tarehe, uzito uliokubaliwa na majina ya waliokuwapo, ili kikao kijacho kione ni makadirio yapi yalitimia na ni ya nani yaliyokuwa yakikosea kila mara.